Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Wanafunzi wa Afrika Mashariki Vyuoni Marekani: Wanajeshi Wetu Nao ni Watu Wenu

Ndugu wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vyama vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, na nyinyi wenzetu mliochaguliwa kuingia serikali za wanafunzi katika vyuo vya Marekani,

Salamu kutoka Texas.

Miongoni mwa watu mnaowaongoza wamo waliovaa sare ya jeshi la Marekani na wanaoivaa hadi leo. Wamo wake na waume wa wanajeshi. Wamo vijana waliolelewa kambini, wenye Kiswahili cha kuokoteza kwa bibi na Kiingereza cha majimbo matano. Wengi wao hamwajui. Hawajazi fomu zenu za uanachama, na wakija kwenye sherehe huketi karibu na mlango wakaondoka kabla ya picha ya pamoja. Nawaandikia niwaombe muwachukue kama watu wenu, na muwasimamie mbele ya wakuu wa vyuo kama mnavyomsimamia mwanafunzi wa viza aliyekwama karo. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu sehemu kubwa ya jambo hili tunapaswa kuizungumza sisi kwa sisi kabla hatujabisha mlango wa mtu.

Mnajua tulivyofika jeshini. Wengi wetu tuliingia nchi hii kwa bahati nasibu ya viza, na vyeti vya Kenya au Tanzania ambavyo hakuna mwajiri aliyevifungua. Kazi ya kwanza ni ya ghalani, au ya kutunza wazee usiku. Halafu siku moja unakutana na askari mwandikishaji, kijana mcheshi, anakutajia mshahara, chuo na uraia. Hadanganyi. Tangu Julai 2002, kwa agizo la Rais Bush, mgeni anayetumikia jeshi anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka ile mitano. Wengine walipitia mpango wa MAVNI, ulioanza 2009 na kusimamishwa 2016. Huo ulichukua hata watu wasio na makazi ya kudumu, ilimradi wawe na taaluma au lugha ambayo jeshi liliihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha pamoja na Kisomali, Kihausa na Kiigbo. Zaidi ya watu 10,000 waliingia kwa mlango huo.

Mimi ni wa bahati nasibu. Nilitumika katika idara ya ugavi, nikatoka na goti bovu na haki ya kusoma, na sasa namalizia shahada huku nikiongoza chama cha wanafunzi waliotoka jeshini chuoni kwetu. Ninayoyasema hapa nayaona kila wiki katika ofisi yetu ndogo yenye birika la kahawa na printa ya msaada.

Neno ninalolisikia mara nyingi kutoka kwenu ni kwamba sisi tunalipiwa kila kitu. Ni kweli serikali hulipa, na hulipa vizuri. GI Bill, yaani sheria ya kuwasomesha waliotumikia jeshi, ile ya baada ya Septemba 11, iliyoanza kutumika Agosti 2009, humlipia mtu aliyetimiza miaka mitatu ya utumishi karo yote ya chuo cha umma kwa miezi 36, ikampa posho ya nyumba kila mwezi na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Najua wako kati yenu wanaosoma kwa jasho la ukoo mzima, shamba limeuzwa nyumbani, na kwao hii ni neema ambayo hawawezi hata kuiota. Sibishani na hilo.

Lakini zifuateni hizo pesa mwezi kwa mwezi. Posho ya nyumba hulipwa baada ya mwezi kwisha, na huhesabiwa kwa siku ambazo masomo yalikuwepo. Muhula ukianza Agosti 25, mwanzoni mwa Septemba mtu anapokea posho ya wiki moja tu, huku mwenye nyumba akitaka kodi ya mwezi mzima. Posho kamili ya kwanza huingia Oktoba. Mitihani ikiisha Desemba 12, posho nayo inakomea hapo, kwa kuwa tangu 2011 hakuna malipo ya kipindi cha kati ya muhula na muhula. Mwanzoni mwa Januari anapata chini ya nusu ya Desemba, na Februari anapata siku chache za Januari. Kodi haiendi likizo. Bima ya gari haiendi likizo, wala malezi ya mtoto, wala zile pesa za dawa za mama kule Kisii ambazo mtu amezituma kila mwezi tangu avuke bahari. Wanafunzi wengi waliotoka jeshini wamepita miaka 25 na wana familia, kwa hiyo Januari yao haifanani na ya kijana wa bwenini anayerudi nyumbani kula kwa wazazi.

Halafu kuna mitego midogo. Kila mwisho wa mwezi mwanafunzi hupokea ujumbe wa simu kutoka idara inayowahudumia wanajeshi wa zamani, ile tunayoiita VA, ukimtaka athibitishe kwamba bado anasoma. Jibu lenyewe ni neno moja. Akiwa amebadilisha namba, au akidhani ni matapeli, ikapita miezi miwili bila jibu, posho inasimamishwa. Akiacha somo katikati ya muhula bila sababu inayokubalika, VA inaweza kumdai arudishe pesa tangu siku ya kwanza ya muhula. Na VA hailipii somo lisilohesabika katika shahada yake, kwa hiyo somo la lazima likijaa hawezi kujichukulia jingine la kujazia. Ndiyo sababu vyuo vingine huwaruhusu wanajeshi kujisajili mapema kuliko wengine. Palipo na utaratibu huo, msiuone kama upendeleo. Pasipokuwa nao, uombeni.

Katika chuo nilichoanzia, malipo ya VA yalichelewa muhula wangu wa pili. Nilipotaka kusajili masomo nikakuta akaunti imefungwa, na juu yake faini ya kuchelewa. Dirishani nikaambiwa nichukue mkopo, VA wakileta pesa nitaulipa. Aliyenitoa pale alikuwa mwanafunzi mwenzangu, baba wa watoto wawili, mjumbe wa baraza la wanafunzi. Kwenye mkoba wake alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo inachanika. Ilikuwa na kifungu cha sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2018, kinachokataza chuo kumtoza faini mwanafunzi wa GI Bill, kumnyima darasa au maktaba, au kumlazimisha kukopa kwa sababu tu serikali imechelewa kulipa, hadi siku 90. Aliitandaza kwenye kaunta, akaweka kidole kwenye mstari, akangoja isomwe. Akaunti ilifunguliwa mchana huohuo.

Hakuna ofisa wa chuo kile aliyewahi kunitajia sheria hiyo. Sidhani walinificha. Mfumo wao wa kompyuta ulikuwa umewekwa ufunge akaunti ya kila anayedaiwa, na hakuna aliyekumbuka kuubadilisha. Sheria yenyewe ilizaliwa na machungu ya kweli, maana mwaka huohuo wa 2018 mitambo ya VA ilishindwa kukokotoa posho kwa utaratibu mpya, maelfu ya wanafunzi wakakaa wiki nyingi bila pesa ya nyumba. Bunge likaona, likaandika kifungu. Kumbe kifungu peke yake hakitembei hadi dirishani. Kinabebwa na mtu.

Hilo lina historia, na ni historia inayotuhusu kwa ngozi zetu. GI Bill ya kwanza, iliyotiwa saini na Rais Roosevelt Juni 22, 1944, inasifiwa hadi leo kwa kujenga tabaka la kati la nchi hii. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo walikuwa watu waliotoka vitani. Sheria ile haikumbagua mtu mweusi kwa maandishi. Utekelezaji wake ndio uliachiwa benki, ofisi na vyuo vya kila mahali, na vyuo vya weupe vya Kusini havikupokea mweusi, huku vyuo vya weusi vikifurika na kuwarudisha wengi kwa kukosa nafasi. Katika miji 13 ya Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na VA, miwili tu ndiyo iliyokwenda kwa wanajeshi weusi. Askari aliyepigana Ulaya akarudi na haki yake imeandikwa Washington, akaipoteza mezani kwa karani wa mji wake. Nikisema kiongozi wa wanafunzi ana kazi hapa, namaanisha mahali hapo hasa, kati ya karatasi na meza.

Sasa niwasemee wanaosahauliwa hata na sisi tuliotoka jeshini, yaani askari wa akiba na wale wa National Guard, jeshi la akiba la kila jimbo. Hao mmeketi nao darasani bila kujua. Wikendi moja kila mwezi wanakwenda mazoezini, majira ya joto wiki mbili, na katikati ya hapo wanaweza kuitwa wakati wowote. Sheria ya elimu ya juu ya 2008 inamlinda mwanafunzi aliyeitwa jeshini kwa zaidi ya siku 30 mfululizo. Akirudi, chuo lazima kimpokee katika hatua ileile ya masomo, na mwaka wake wa kwanza alipe karo ileile ya zamani, ilimradi jumla ya kutokuwepo kwake haizidi miaka mitano. Ni sheria nzuri, lakini inahusu wito wa serikali kuu. Gavana akimwita kwa amri ya jimbo, sheria hiyo haimgusi. Haimgusi pia kwa wikendi ya mazoezi inayoangukia siku ya mtihani.

Hapa Texas tumeliona hilo kwa macho. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston, gavana aliita National Guard yote ya jimbo, watu wapatao 12,000, muhula ukiwa ndio kwanza unaanza. Tangu 2021 maelfu wamepelekwa mpaka wa Mexico kwa amri ya jimbo, wengine wakipewa siku chache tu za kujiandaa. Kijana mmoja wa chama chetu, mzaliwa wa Eldoret, alifanya mtihani wa takwimu ndani ya gari la jeshi, simu imeegemezwa kwenye usukani, kwa sababu mhadhiri alimwambia anapokea udhuru wa hospitali pekee. Mtandao ulikatika akiwa kwenye swali la kumi na moja. Alirudia somo zima muhula uliofuata. Majimbo mengine yana sheria zao, vyuo vingine vina sera zilizoandikwa vizuri, na vingine vimemwachia kila mhadhiri aamue kwa roho yake. Mahali sera haipo, baraza la wanafunzi linaweza kupitisha azimio na kulipeleka kwa seneti ya wahadhiri, na ninawahakikishia ni vigumu sana kwa wahadhiri kulikataa hadharani.

Wake wa wanajeshi ni habari nyingine, na naomba mnisikilize kwa makini kwa kuwa wengi wao ni dada zetu walioletwa kutoka nyumbani baada ya harusi. Mume amehamishwa kutoka Georgia hadi Texas, yeye alikuwa amefika nusu ya masomo ya uuguzi. Anafika chuo kipya anaambiwa masomo haya tunayahesabu, haya hatuyahesabu. Karani akiona leseni ya gari ya Georgia anamwandikia karo ya mtu wa nje ya jimbo. Ni kosa. Sheria ileile ya 2008 inavitaka vyuo vya umma vimtoze mwanajeshi aliye kazini, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea karo ya wenyeji katika jimbo alikopangiwa kazi kwa zaidi ya siku 30, na wakishajiandikisha wanaendelea na karo hiyo hata akihamishwa tena, mradi wasikatize masomo. Dada huyo hajui, na hana wa kumuuliza, kwani mumewe yuko zamu ya miezi tisa ng'ambo na yeye ndiye baba na mama wa nyumba. Upo pia msaada wa hadi dola 4,000 kwa wenzi wa wanajeshi wa vyeo vya chini, kwa ajili ya vyeti, leseni za kazi na stashahada. Nimekutana na wanawake wa Kikenya walioishi miaka karibu na kambi bila kuusikia.

Na hili liwafikie wanaume walio kazini wanaosoma barua hii kwa bahati: kama unataka kumpa mkeo au mtoto wako GI Bill yako, lazima uombe ungali ndani ya jeshi, ukiwa umetumika angalau miaka sita na ukikubali kuongeza minne. Ukishatoka, mlango huo umefungwa. Nimewaona akina baba wakilia ofisini kwetu kwa jambo hilo. Hata ile sheria ya Texas ya Hazlewood, inayosamehe karo ya hadi saa 150 za masomo katika vyuo vya umma, haimfai kila aliyestaafia hapa. Inataka uwe uliingia jeshini ukiwa mtu wa Texas, au uliandikishwa hapa. Aliyejiandikisha Minnesota akahamia Killeen hapa Texas baada ya kutumika asipange maisha ya watoto wake kwa sheria hiyo.

Watoto je? Mtoto wa mwanajeshi huhama shule mara sita hadi tisa kabla hajamaliza sekondari. Majimbo yote 50 yametia saini mkataba wa kumsaidia mtoto huyo asipoteze madarasa kila anapohama, ila mkataba unakoma darasa la kumi na mbili. Akiingia chuo yuko peke yake. Hana jibu fupi ukimuuliza kwao ni wapi. Kisha anakuja kwenye chama chenu, Kiswahili chake kimekatikakatika, na mtu anamcheka. Harudi tena. Naomba jambo hili mlikomeshe, nalo halihitaji bajeti.

Nimegusa sisi kwa sisi, basi niseme yote. Kuna maswali tunaulizana kana kwamba ni salamu. Umeshawahi kuua? Uliona maiti ngapi? Kuna anayeitwa mamluki katika kikundi cha WhatsApp siku ya mjadala wa siasa, kila mtu anaweka kicheko na maongezi yanaendelea. Kuna aliyeulizwa hadharani, akitumwa kambi ya Manda kule Lamu, ambako Wamarekani wana askari wao, atampigania nani. Mnaweza kuzipinga vita za Marekani, na wengine wetu tuliozitumikia tuna maneno makali kuzihusu kuliko yenu. Lakini yule kijana aliyekaa mbele yenu alijiandikisha akiwa na miaka 20 na mdogo wake yuko nyumbani hana karo. Mnazijua shida zilizompeleka kwa mwandikishaji kwa sababu ni shida zenu. Nani wa kumwelewa kama si nyinyi?

Kuna wanaobeba mazito zaidi. Hawalali, wanakunywa peke yao, wanaogopa kwamba wakimwambia mtu watapoteza kazi ya akiba au watasemwa kanisani. Kiongozi wa wanafunzi si daktari na sitaki ajifanye mmoja. Aijue tu namba 988, ambayo mwanajeshi wa zamani au wa sasa akiipiga na kubonyeza 1 anapata mtu wa kuzungumza naye saa yoyote, na asiogope kukaa na mwenzake pembeni wakati anapiga. Awe pia amepitia mafunzo ya Green Zone, yaliyoanzia Virginia Commonwealth University na sasa yanatolewa katika vyuo vingi. Ni ya saa chache, na humfundisha mtu asiye mwanajeshi namna ya kumsikiliza mwanajeshi bila kumfanya kioja.

Ninachoomba kwenu kinaweza kuanza muhula huu. Katika fomu ya uanachama ongezeni swali moja la hiari, kama mtu mwenyewe au wa nyumbani kwake yumo au aliwahi kuwemo jeshini, na jibu libaki kwa katibu. Hamwezi kumtetea msiyejua kwamba yupo. Kisha mweka hazina atenge pesa kidogo kwa ajili ya Septemba na Januari. Kuchanga ni kitu tunachokijua kuliko jamii nyingi hapa. Mtu akifiwa usiku, asubuhi namba ya kutuma mchango imeshazunguka kuanzia Dallas hadi Minneapolis. Mkopo wa dola 400 bila riba, unaorudishwa posho ikiingia, unamzuia mtu kufukuzwa nyumba au kuacha chuo. Hapa kwetu tumeufanya, na pesa zote zimerudi.

Nyinyi mlio katika serikali za wanafunzi mna mlango ambao sisi hatuna, kwa hiyo kwenu nina ombi zito zaidi. Nendeni kwa mkuu wa chuo mkiwa na maswali yaliyoandikwa. Ni nani anayepeleka taarifa za wanafunzi VA, na anahudumia wangapi peke yake? Akiugua, nani anashika kazi yake? Je, mfumo wa fedha umewekwa uziruke akaunti za GI Bill kwa zile siku 90, au unafunga kisha unangoja mtu alalamike? Ruhusa ya kukosa darasa inahusu amri ya jimbo na wikendi za mazoezi, na imeandikwa wapi? Mke wa mwanajeshi aliyehamishwa anaonyesha karatasi gani ili alipe karo ya wenyeji, na makarani wote wa dirishani wanajua hivyo? Ulizeni pia kama chuo kilikubali kanuni za agizo la Rais Obama la Aprili 2012, linalovitaka vyuo viwe na mtu maalumu wa kuwahudumia wanafunzi wanajeshi na viwape mpango wa masomo. Kama kilikubali, basi mnayo ahadi yao wenyewe ya kuwashikia.

Msiende peke yenu. Student Veterans of America, iliyoundwa na wanafunzi wenyewe mwaka 2008, ina matawi zaidi ya 1,500 vyuoni, na pengine tawi la chuo chenu lina watu watatu waliochoka wanaongoja mtu abishe hodi. Wao wanazijua sheria. Nyinyi mna kura, mna sauti barazani, na mna umati unaojaza ukumbi siku ya tamasha la utamaduni. Ombeni miadi moja, ingieni ofisini pamoja.

Najua Novemba 11 vyuo vingi vitatoa keki na bendera ndogo, na Aprili watu watavaa zambarau kwa ajili ya watoto wa wanajeshi. Nendeni, vaeni, pigeni picha. Ila kodi ya Septemba itakuwa imeshapita, na ya Januari inakuja.

Kwa hiyo naomba jambo hili liwe kwenye ajenda ya kikao cha kwanza cha kamati zenu muhula ujao, na likae juu ya bajeti ya sherehe, maana vikao vyetu hufika mwisho watu wamechoka na pesa imekwisha. Kikao kikiwa Texas nitakuja mwenyewe na nakala za vifungu vya sheria nilivyovitaja. Kikiwa mbali nitaingia kwa simu. Kwa sasa nikusanyieni jambo moja: orodha ya vyuo ambako wanafunzi wenu wa GI Bill wamefungiwa akaunti au wametozwa faini kwa kuchelewa kwa VA, pamoja na tarehe, bila majina ya wanafunzi. Ikifika kabla ya katikati ya Agosti, tutawaandikia wakuu wa vyuo hivyo barua moja yenye saini zetu sote, wakiwa bado wana muda wa kurekebisha mifumo yao kabla ya muhula kuanza.

Wenu,

Mwanafunzi na mwanajeshi wa zamani,
Texas ya Kati